Kisanduku na Uso wa Mpokeaji

Katika rafu yangu ya vitabu, baina ya kamusi na majarida ya elimu ambayo siku hizi hakuna ayasomaye, kipo kitabu kimoja ambacho wageni hukitoa, wakakifunua, kisha wakakirudisha wakiwa wameduwaa kidogo. Kinahusu visanduku: visanduku vya sadaka vya Wayahudi, vilivyobuniwa upya na wasanii mia moja walioalikwa na Makumbusho ya Kiyahudi ya San Francisco, huko Marekani, kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1999. Kinaitwa Making Change, jina ambalo kwa Kiingereza lina maana mbili kwa pamoja: kutoa chenji na kuleta mabadiliko. Kwa Kiswahili mchezo huo wa maneno haufanyiki. Chenji ni chenji, na mabadiliko ni jambo jingine kabisa. Nadhani ni afadhali hivyo.

Kitabu hicho alinitafutia binti yangu anayefanya kazi California, katika duka la vitabu vilivyokwisha kutumika, nilipokwenda kumtembelea mwaka 2011. Siku hiyo alikuwa amenipeleka kuliona jengo jipya la makumbusho hayo, ambayo baadaye yaliitwa Contemporary Jewish Museum. Jengo lilifunguliwa mwaka 2008. Msanifu wake, Daniel Libeskind, alichukua kituo cha umeme cha mwaka 1907, nyumba ya matofali mekundu, akachomeka ubavuni mwake mchemraba mkubwa wa chuma cha buluu uliosimama kwa pembe kama kitu kilichoanguka kutoka mezani.

"Hicho nacho ni kisanduku," nikamwambia binti yangu.

"Sasa Baba, tundu la kutilia hela liko wapi?"

"Tumeshalipita. Si umelipa kiingilio?"

Makumbusho hayo yalifunga kumbi zake kwa wageni mwezi Desemba 2024 kwa upungufu wa fedha, nami nilipopata habari hizo nilikitoa kitabu tena rafuni. Msomaji atauliza mzee wa Kilutheri, mwalimu wa walimu aliyezaliwa kwenye migomba, ana habari gani na visanduku vya Wayahudi. Ninayo sababu, na si ya kujivunia. Nitaifikia.

Kwanza tuliangalie neno. Wayahudi huiita sadaka tzedaka, na asiye hata na chembe ya Kiebrania atasikia kwamba hili ni neno letu wenyewe likiwa limevaa koti la kigeni. Sadaka tumeipata kutoka Kiarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni ndugu wa tumbo moja. Lakini ndugu hawa waligawana urithi kwa namna tofauti. Katika Kiarabu mzizi huo umeelekea kwenye ukweli, ndiyo maana sisi tunasema kusadiki, na Shaaban Robert akaipa nchi yake ya angani jina la Kusadikika. Katika Kiebrania mzizi umeelekea kwenye haki. Mwenye haki ni tzadik, haki yenyewe ni tzedek, na kile anachopewa maskini, kwa jina lake hasa, ni kitendo cha haki. Kwa hiyo anayenyoosha mkono kupokea anachukua kilicho chake kilichokuwa kimewekwa mfukoni mwa mwingine. Sheria ya pembe za shamba katika Mambo ya Walawi ndiyo hiyo hiyo: mkulima asivune mpaka ukingoni, kwa maana ukingo ule si wake. Hatuambiwi kwamba mkulima amgawie maskini masazo kwa mkono wake. Anaambiwa aondoke tu, ayaache.

Sisi kwa sadaka tunafikiri huruma. Moyo wa mtoaji ndio tunaoutazama: katoa kwa furaha au kwa kinyongo, katoa kingi au kidogo. Kule nyumbani ibada ikiisha huwa na mnada, mkungu wa ndizi na kuku vikapandishwa bei, na jina la mnunuzi likashangiliwa. Sisemi ni vibaya; makanisa mengi yameezekwa kwa njia hiyo. Nasema tu kwamba macho yote huwa kwa mtoaji.

Kisanduku chenyewe ni kitu cha kale. Kitabu cha Pili cha Wafalme kinasimulia jinsi siku za mfalme Yoashi kuhani alivyotwaa kasha, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka kando ya madhabahu kwa ajili ya matengenezo ya Hekalu. Baadaye visanduku viliingia kwenye masinagogi na majumbani. Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki wakakiita pushke, mara nyingi kikiwa kopo la bati tu, na akina mama hutia senti kabla ya kuwasha mishumaa ya Sabato. Vipo vya fedha vilivyofuliwa kama vikombe vyenye mkono na kufuli. Vipo vilivyotikiswa mazikoni, sarafu zikilia ndani, kuwakumbusha waombolezaji maneno ya Mithali juu ya kile kiokoacho na mauti. Biblia yetu ya Kiswahili hapo imeandika haki, na wale wanaotikisa kisanduku husikia sadaka, na kwao wote wawili tafsiri ni sahihi. Na lipo bati la buluu na nyeupe la mfuko ulioanzishwa mwaka 1901 kununua ardhi Palestina, lililosambaa katika nyumba nyingi za Wayahudi ulimwenguni. Kwa babu wa Kiyahudi bati hilo ni kumbukumbu ya utoto. Kwa Mpalestina ni habari nyingine. Umbo zuri la chombo halijibu swali la senti zinakwenda wapi.

Sasa kilichonivutia mimi, mwenye kazi ya miaka mingi ya kusimamia fedha za watu, ni kwamba ubunifu hasa wa wahenga wale haukuwa katika bati wala fedha. Ulikuwa katika taratibu. Mishna inaagiza kwamba mfuko wa maskini ukusanywe na watu wawili na kugawanywa na watatu. Wawili, kwa kuwa kumdai mtu ni mamlaka na mamlaka haifai kuwa ya mmoja. Watatu, kwa kuwa kugawa ni kuhukumu, nani apate ngapi, na hukumu ya mali yataka waamuzi watatu. Ningalijua hayo nilipoanza ukuu wa chuo, ningaliepuka kesi mbili za mhasibu.

Kisha anakuja Maimonides, aliyezaliwa Cordoba mwaka 1138 na kufariki Misri mwaka 1204, tabibu na mwanasheria, ambaye Waarabu humwita Musa bin Maimun. Yeye aliipanga sadaka katika ngazi nane. Chini kabisa yupo atoaye kwa uchungu. Juu yake atoaye pungufu lakini kwa uso mkunjufu; juu yake atoaye akiombwa; juu yake atoaye kabla ya kuombwa. Mpaka hapo ni mambo ya moyo, hata mchungaji wetu angeyahubiri. Lakini kuanzia ngazi ya nne kutoka juu lugha inabadilika. Anasimulia juu ya wenye hekima waliofunga fedha katika shuka, wakaitupa nyuma ya mgongo, wakatembea bila kugeuka, ili maskini wachukue bila kuonwa. Mama zetu wa pwani, wafungao noti kwenye pindo la kanga, wangeielewa shuka hiyo mara moja. Juu zaidi wako waliopita kwa siri na kuacha fedha mlangoni. Juu zaidi tena ni chumba kilichokuwa Hekaluni, chumba cha siri, ambamo wema walitia na maskini wa nyumba za heshima wakatoa, wala hapana aliyemjua mwenzake. Na kileleni kabisa ni kumshika mkono aliyeteleza kabla hajaanguka, kwa mkopo, kwa ubia, au kwa kumpatia kazi, hata asihitaji tena kuomba.

Shuka, mlango, chumba. Hivyo ni vyombo, na kila kimoja kimebuniwa kwa kuanzia kwenye uso wa anayepokea.

Na hapa ndipo yangu yanapoingia. Mwaka 1994, nikiwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu, tulikuwa na wanachuo waliokuja na sanduku la bati lisilo na kitu ndani. Nikamwagiza seremala wa chuo atengeneze kisanduku cha mninga cha kuwachangia. Nilikichora mwenyewe. Upande wa mbele nikataka kiwe na kioo, ili kila apitaye mlangoni pa bwalo aone fedha zinavyopanda na ahamasike. Majina ya wakufunzi waliochangia yakabandikwa ubaoni pamoja na kiasi. Na kila Ijumaa, mstarini, waliosaidiwa waliitwa mbele, wakapokea, wakapigiwa makofi. Afisa mmoja aliyetutembelea alisifu sana, nami nikasifika.

Kijana mmoja wa mwaka wa kwanza tulimnunulia viatu. Aliitwa, akaja mbele akiwa na kandambili, akavipokea kwa mikono miwili, akasema asante, tukapiga makofi. Jumatatu asubuhi nilivikuta viatu mlangoni pa ofisi yangu, vimefungwa pamoja kwa kamba zake, soli safi. Mwenyewe alikuwa ameondoka na basi la alfajiri. Tuliandika barua kwao, hakujibu. Sijapata kumwona tena.

Matroni wetu, mama wa makamo aliyekuwa haongei sana, alikuja ofisini siku hiyo. "Mwalimu," akasema, "mtoto wa watu havishwi viatu mbele za wenzake." Nikaanza kumweleza juu ya uwazi wa mapato na matumizi. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Jioni nilipopita bwaloni nikakuta kioo cha kisanduku kimepakwa rangi ya kijani, ile ile ya madirisha ya mabweni. Tangu siku hiyo nguo na viatu vilikuwa vikitokea vitandani pamoja na mashuka yaliyofuliwa, na mimi nikajifunza kutouliza. Yule mama hakupata kusoma Maimonides.

Basi nilipokifunua kitabu cha San Francisco nilikuwa na swali moja tu, nalo si la mtu mwenye elimu ya sanaa. Sikusudii kupitia visanduku kimoja kimoja. Wasanii mia hawawezi kuwa na mafanikio sawa, na picha haitendi haki kwa kitu cha kushikwa. Ninalolisema ni juu ya maonyesho ya namna hii kwa jumla. Kisanduku kikiingia kwenye kabati la vioo, tundu lake linakuwa pambo. Hakuna anayetia, hakuna anayetoa. Kinabaki kuwa kauli juu ya utoaji, na msemaji wa kauli hiyo ni msanii, na msikilizaji wake ni mtu aliyekwisha kushiba. Maskini, ambaye kwa sheria za kale ndiye mmiliki wa kilichomo, hayumo chumbani. Nikaviona visanduku vyote vile na kioo changu cha mwaka 1994 katika jicho la moyo, vimepangwa kwenye rafu moja.

Lakini ningekuwa mkali mno nikiishia hapo. Kumwalika msanii akitafakari kisanduku cha bati ni kukiri kwamba chombo kina maadili yake, kwamba mtu huweza kuheshimu au kudhalilisha kwa mahali pa tundu na kufuli. Shule zetu hazifundishi hivyo. Mimi nilikuwa na shahada na sikujua. Na zaidi ya hayo, maonyesho yale yalinisukuma nitafute kazi nyingine za wasanii wa asili ya Kiyahudi ambazo hazina tundu wala kufuli, na mbili kati ya hizo zimenishughulisha kuliko kitabu kizima.

Ya kwanza ni ya Michael Rakowitz, Mmarekani ambaye wazee wa mama yake walikuwa Wayahudi wa Baghdad. Mwishoni mwa miaka ya 1990, akiwa bado mwanafunzi huko Massachusetts, alianza kuwatengenezea watu wasio na makazi vibanda vya kupuliza. Alikuwa ametoka Jordan, ambako aliona jinsi Mabedui wanavyosimamisha hema kwa kufuata upepo. Mjini kwake upepo alioupata ni ile hewa ya moto itolewayo nje na mitambo ya kupasha joto ya majengo makubwa. Kibanda cha mifuko ya plastiki na utepe wa gundi, kwa gharama ya dola tano hivi, huunganishwa kwenye tundu hilo. Hewa huingia katikati ya kuta zake mbili, kikasimama na kupata joto, na mtu akalala ndani bila kuganda. Mradi aliuita paraSITE, yaani kimelea, kwa kuwa kibanda kinanyonya kile ambacho jengo linakitupa. Mimi nilipoelewa hivyo nilifikiri mara moja juu ya pembe za shamba. Joto lile ni masazo. Mwenye jengo hakupoteza kitu, na aliyelala nje hakumwomba mtu.

Kuna jamboalo katika habari za mradi huu lililonikosesha usingizi. Kibanda cha kwanza Rakowitz alikishona kwa mifuko myeusi ya taka, akidhani mtu maskini atataka faragha. Wenyewe wakakataa. Walitaka plastiki iangazayo, ili wamwone anayekuja kuwadhuru, na ili wao pia waonekane. Nilisoma habari hiyo nikakiweka kitabu chini. Kwa zaidi ya miaka kumi na mitano nilikuwa nimejiambia kwamba kosa langu lilikuwa kioo, na kwamba rangi ya matroni ndiyo jibu. Kumbe hawa wanaomba kioo.

Nimelizungusha jambo hili sana, na nadhani lugha yetu imekwisha kulitenganisha vizuri kuliko nilivyoweza mimi: kuna kuonekana, na kuna kuonyeshwa. Aliyelala kando ya jengo la Boston au Cambridge amekuwa haonekani. Wapita njia wamezoea kumruka. Akichagua kuta zinazopitisha macho, chaguo ni lake. Kijana wangu hakuchagua. Mimi ndiye niliyemwonyesha, kama nilivyoonyesha fedha. Kwa ngazi ya Maimonides kibanda hiki hakiko juu. Mpokeaji anamjua mtoaji, na asubuhi bado hana nyumba. Rakowitz mwenyewe hakudai kuwa ameleta ufumbuzi. Lakini alimuuliza mpokeaji kabla ya kushona, na hilo sikuliona katika ngazi yoyote ya nane.

Nitaongeza doa moja. Mwaka 2005 kibanda cha aina hiyo kiliwekwa katika maonyesho ya Museum of Modern Art ya New York, na hapo kikarudi kuwa kile nilichokilalamikia: chombo cha maskini kisicho na maskini ndani yake. Hata kazi nzuri ina wakati wa kupoozwa.

Ya pili ni ya Mierle Laderman Ukeles, binti wa rabi, aliyezaliwa Denver mwaka 1939. Mwaka 1977 aliingia idara ya usafi ya jiji la New York kama msanii asiye na mshahara, na baina ya mwaka 1979 na 1980 alizunguka mitaa yote akampa mkono kila mzoa taka, watu 8,500, akimshukuru kila mmoja kwa kuliweka jiji hai. Basi. Hiyo ndiyo kazi ya sanaa. Nilipomsimulia jirani yangu alicheka akasema shukrani hainunui unga. Kweli hainunui, na ningependa kujua kama kuna mkubwa yeyote wa jiji aliyeguswa hata akapandisha mishahara. Lakini Maimonides aliandika kwamba atoaye kwa uso wa kununa, hata akitoa vipande elfu vya dhahabu, amekwisha kuipoteza thawabu yake. Ukeles alikwenda kinyume: aliacha dhahabu, akatoa uso peke yake, mara elfu nane na mia tano. Ni sanaa iliyochukua sehemu moja ya sheria na kuibeba mpaka mwisho wake. Chuoni kwangu walikuwapo wafagiaji wanne, na mmoja wao kwa miaka sita sikumjua jina la baba yake.

Nimeongea na binti yangu kwa simu majuzi juu ya haya, akaniambia, "Baba, siku hizi nani ana sarafu?" Ni kweli. Kanisani kwetu kuna bango la namba ya kulipia kwa simu karibu na mimbari, na wazee wenzangu wamejifunza kulitumia kuliko nilivyotarajia. Lakini nimtumiapo mjane fedha kwa simu, ujumbe unamfikia ukiwa na jina langu na kiasi, na baada ya nusu saa ananipigia kunishukuru, nami nasikia katika sauti yake kitu nilichokiona mstarini. Shuka ya kutupa nyuma ya mgongo haijashonwa bado katika simu hizi. Kama ningekuwa na umri wa wale wasanii mia, ningeanzia hapo.

Nilipostaafu, chuo kilinipa zawadi ya saa ya ukutani, na seremala, ambaye naye alikuwa anastaafu, akaniletea kile kisanduku cha mninga kikiwa kimefungwa katika gazeti. Kipo sebuleni chini ya saa. Wa nyumbani hutia, na mke wangu ndiye ajuaye kinakokwenda. Mjukuu wangu wa miaka saba amekwangua rangi kwenye kona ya kioo kwa ukucha, tundu la ukubwa wa punje ya mahindi, apate kuchungulia. Nimenunua kopo dogo la rangi ya kijani. Fundi dukani aliniambia ile ya mabweni haitengenezwi tena, hii inakaribiana.